Utalii wa pwani ya kusini unauzwa ghafi

Kila siku maelfu ya wakazi wa Dar es Salaam hupanda daladala kwenye Barabara ya Kilwa. Hushuka Mtoni, Mtongani, Mbagala Rangi Tatu, wengine wakaendelea hadi Kongowe. Wachache sana kati yao wamewahi kufika Kilwa yenyewe. Ni mwendo wa kilomita 300 hivi kutoka jijini, na ng'ambo ya mji wa Kilwa Masoko kuna kisiwa chenye magofu ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Huo ni mwaka uleule ilipoingia Serengeti, miaka 6 kabla ya Mlima Kilimanjaro na miaka 19 kabla ya Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Mwaka 2024 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa zaidi ya milioni 2. Njia yao kubwa inafahamika: wanashukia Kilimanjaro au Zanzibar, wanaona wanyama kaskazini, wanamalizia ufukweni Unguja. Pwani ya kusini, yaani mikoa ya Lindi na Mtwara kutoka delta ya Rufiji hadi mto Ruvuma, inabaki nje ya mzunguko huo. Mkutano wowote unaoitishwa kujadili jambo hili huishia kwenye jibu moja: hatujitangazi vya kutosha.

Jibu hilo lina ukweli ndani yake, ila linaruka maswali yaliyo mazito zaidi. Mgeni akishafika analala wapi? Kesho yake anafanya nini? Fedha yake inaingia mfukoni mwa nani? Ukiyafuatilia unagundua kwamba hali ya utalii wa kusini inafanana sana na hali ya korosho ya kusini. Lindi na Mtwara wanalima korosho, lakini sehemu kubwa ya zao hilo kwa miaka mingi imesafirishwa ikiwa na ganda lake kwenda India na Vietnam, ikabanguliwe huko na faida ya ubanguaji ibaki huko. Magofu, historia na fukwe za kusini nazo zinauzwa ghafi.

Kilichopo

Tuanze na Kilwa Kisiwani, kwa sababu watu wengi wanakijua kwa jina la mtihani tu. Mapokeo ya kisiwa hicho yanasema mwanzilishi wa ufalme, Ali bin Hassan kutoka Shirazi, alikinunua kwa mwenyeji wa bara kwa nguo: vitambaa vya kutosha kukizunguka kisiwa chote. Kisha akakifukua kivuko ambacho maji yakipwa watu walikuwa wakivuka kwa miguu, ili mwenyeji asiweze kurudi. Wanahistoria wana mengi ya kusema juu ya huo Ushirazi, na akiolojia inaonyesha kwamba miji hii iliota kutoka kwa jamii za hapahapa pwani. Lakini masimulizi yenyewe ni hazina, na mtu anayesimama ukingoni akayatazama yale maji huku akisimuliwa kisa hicho hakisahau.

Utajiri wa Kilwa ulitokana na upepo na dhahabu. Vyombo kutoka Uarabuni na India vilikuja na kaskazi na kurudi na kusi, na Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa umbali ambao chombo kingeweza kufika na kurudi ndani ya msimu mmoja. Dhahabu ya nyanda za Zimbabwe ilitokea bandari ya Sofala, kusini zaidi, kwenye Msumbiji ya leo. Aliyeishika Kilwa aliishika njia ya kwenda Sofala. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu mji kwa uzuri na ujenzi wake, na akaeleza ukarimu wa Sultani al-Hassan bin Sulaiman, yule aliyemvulia maskini nguo zake za kifalme akampa. Sultani huyo ndiye anayehusishwa na ujenzi wa Husuni Kubwa, kasri lenye vyumba zaidi ya 100 juu ya kilima kinachotazama bahari, na birika lake la kuogea lenye pembe nane. Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya kale zaidi ni ya karne ya 11, uliongezwa kwa safu za nguzo na kuba. Sarafu za shaba zilizogongwa Kilwa zimepatikana mbali mno: moja iliokotwa kwenye magofu ya Great Zimbabwe, na tano zilipatikana mwaka 1944 na mwanajeshi kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Zilifikaje huko, bado ni fumbo.

Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuvamia mji, wakaupora, wakajenga ngome. Ngome unayoiona leo ukikaribia kisiwa, Gereza, ilijengwa upya na Waomani juu ya mabaki ya ile ya Wareno.

Na hapo hatujatoka kwenye kisiwa kimoja. Kusini yake kuna Songo Mnara, mji wa karne ya 14 hadi 16 ambao wenyewe waliuhama, ukabaki na nyumba zake, vidaka vya ukutani, visima, misikiti na makaburi. Kwa kuwa baadaye haukujengwa upya juu yake, unaonyesha mpangilio wa mji wa Waswahili wa kale kwa uwazi usiopatikana mahali pengi. Bara kuna Kilwa Kivinje, bandari kubwa ya biashara ya utumwa ya karne ya 19, ambako misafara kutoka Ziwa Nyasa iliishia, na ambako Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895 kwa kuwapinga. Milima ya Matumbi ndiko Vita vya Majimaji vilikoanzia Julai 1905, pale Nandete, watu walipong'oa pamba ya serikali. Milima hiyo ina mapango makubwa, Nang'oma likiwa mashuhuri zaidi.

Lindi ina Tendaguru. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Sattler, alionyeshwa mifupa mikubwa ikichungulia kwenye udongo. Kati ya 1909 na 1913 msafara wa makumbusho ya Berlin ulichimba hapo mifupa ya dinosaria, kwa kazi ya mamia ya watu wa Lindi ambao walikuwa wametoka tu kwenye vita na njaa iliyofuata. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa na wapagazi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na ni haki jina lake lijulikane kama yanavyojulikana majina ya Werner Janensch na Edwin Hennig, wanasayansi walioongoza msafara. Mifupa hiyo ilizaa mnyama aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937, mwenye urefu wa zaidi ya meta 13 kwenda juu. Watu kutoka dunia nzima wanakwenda kumwona. Pale Tendaguru kwenyewe kuna nyasi, miti na njia mbovu ambayo mvua ikinyesha haipitiki.

Mtwara ina Mikindani, mji mkongwe ambako David Livingstone alishukia mwaka 1866 kwenye safari yake ya mwisho. Ina Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na ufukwe wa Msimbati. Ina uwanda wa Makonde na uchongaji ambao umeitangaza Tanzania kuliko bango lolote, ingawa mgeni anayetaka kununua kinyago cha Kimakonde hupelekwa Mwenge, Dar es Salaam.

Kusini ipi?

Mkanganyiko mmoja umewagharimu sana watu wa pwani hii. Katika sera na miradi ya nchi kuna kitu kinachoitwa ukanda wa utalii wa kusini, na msomaji wa Lindi akisikia hivyo anafurahi. Lakini kusini hiyo kwa sehemu kubwa ni Iringa. Mradi mkubwa kuliko yote wa aina hiyo, REGROW, uliopewa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 150 mwaka 2017, ulilenga hifadhi za Ruaha, Mikumi, Udzungwa na eneo ambalo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ufadhili huo ulikatishwa mwaka 2024 kufuatia malalamiko ya wananchi wa kandokando ya Ruaha. Magofu ya Kilwa hayakuwa kiini cha mpango huo hata ulipokuwa hai.

Sababu yake inaeleweka. Utalii wa Tanzania ulijengwa juu ya wanyamapori. Mafunzo ya waongozaji, magari, kampuni, vijitabu, hata lugha ya kuuzia, vyote vimeelekezwa kwa simba na tembo. Mtalii wa magofu ni mtu wa aina nyingine. Anataka kusoma kabla ya kuja, anataka mtu wa kumweleza, na anatumia saa tatu mahali ambapo mwingine angepiga picha mbili akaondoka. Kampuni iliyozoea kuuza tembo haijui imuuzie nini.

Barabara, mto na vita vya jirani

Umbali nao ulifanya kazi yake. Hadi mwaka 2003 hakukuwa na daraja kwenye mto Rufiji. Magari yalivuka kwa pantoni Ndundu, na watu wazima wa kusini wanakumbuka masika ya kulala njiani wakisubiri maji yapungue. Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita moja, lilibadilisha maisha. Hata hivyo kipande cha Ndundu hadi Somanga kiliendelea kuwa tope kwa zaidi ya miaka 10 baadaye. Kwa hiyo tunapoilinganisha Kilwa na Bagamoyo au Zanzibar, tukumbuke kwamba barabara ya lami iliyokamilika ni jambo la juzi tu. Na bado ni dhaifu: Mei 2024 mvua kubwa na Kimbunga Hidaya viliikata wilayani Kilwa, magari yakakwama kwa siku kadhaa. Kampuni ya utalii iliyopatwa na hilo mara moja, ikiwa na wageni sita garini na ndege ya kuwarudisha kwao inawasubiri, hufikiria mara mbili kabla ya kuuza tena safari ya kusini.

Kisha kuna Cabo Delgado. Uasi ulioanza kaskazini mwa Msumbiji mwaka 2017 ulivuka mto Ruvuma Oktoba 2020, kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara kikashambuliwa. Serikali za nchi za Magharibi zikawatahadharisha raia wake wasiusogelee mpaka, na kampuni za bima hufuata tahadhari hizo neno kwa neno. Kilwa iko mbali na mpaka kwa mamia ya kilomita, lakini mgeni anayetazama ramani akiwa Ulaya haoni tofauti, kwa kuwa kwake yote ni kusini mwa Tanzania. Hapa ndipo matangazo yangekuwa na kazi ya kweli: kueleza jiografia, kwa umakini na kwa ukweli, badala ya kuchapisha picha nyingine ya machweo.

Siku moja ya mgeni

Sasa tumfuate mgeni aliyefika. Anatoka Dar es Salaam alfajiri na gari la kampuni, au ameshuka kwenye mojawapo ya meli ndogo za kitalii ambazo zimekuwa zikitia nanga Kilwa. Kwenye ofisi ya Kilwa Masoko anakata kibali cha kuingia magofuni. Raia analipa kidogo, mgeni wa nje analipa zaidi. Anapewa mwongozaji, anateremka bandarini, anapanda mashua. Kivuko ni kifupi. Gereza linaanza kuonekana, kuta zake zikiwa zimeota rangi ya kijivu na weusi wa chumvi. Maji yakiwa yamepwa anavua viatu na kukunja suruali, anatembea majini hadi nchi kavu. Njia ya kwenda Msikiti Mkuu inapita kwenye makazi ya watu, minazi, mibuyu na vishamba, kwa maana kisiwa hiki hakikuwahi kubaki bila wenyewe. Watoto wanamsalimia. Mzee anarekebisha wavu. Baada ya saa nne au tano mgeni amerudi Masoko, amekula, ameingia garini. Wa meli amerudi melini, ambako chakula chake na kitanda chake vimeshalipiwa Ulaya miezi mitano iliyopita.

Hesabu iko wazi. Gari, mafuta na faida ya safari vimebaki Dar es Salaam. Kibali ni mapato ya mamlaka na ya serikali kuu. Mji wa Kilwa umepata malipo ya mashua, ya mwongozaji na labda sahani ya samaki. Yule mzee mwenye wavu hajapata chochote, na ni nyumbani kwake palipotazamwa.

Angelala, mambo yangekuwa mengine kabisa. Mgeni anayelala anakula mara tatu, na samaki wa chakula cha jioni amenunuliwa kwa mvuvi asubuhi ileile. Anapanda bodaboda. Ananunua mkeka. Anaulizia pango alilolisikia mezani, mtu anampeleka. Katika utalii, fedha ya wenyeji iko kwenye usiku, na kila sera ya kukuza pwani ya kusini ingepimwa kwanza kwa swali hili: imeongeza usiku mmoja, au imeongeza tu vichwa mlangoni?

Kwa nini halali? Mambo ya kufanya yapo: Songo Mnara inahitaji siku nzima, Kivinje nusu siku, mabwawa ya Maliwe yana viboko, Matumbi ina mapango. Shida ni kwamba kila kimoja kina mpango wake peke yake, na hakuna aliyeviunganisha. Chukua Songo Mnara. Mashua haiingii vizuri isipokuwa maji yamejaa, kwani ufukwe wake umezungukwa na mikoko na tope. Wakati wa bamvua maji yanapwa mbali sana. Wakati wa maji mafu hali ni nyingine. Kila nahodha wa Kilwa analo hilo kichwani, siku kwa siku, kwa kuhesabu mwezi. Mgeni aliyeko Mbezi Beach au Nairobi hana pa kulisoma. Anapanga Jumamosi, anafika, anaambiwa maji leo si mazuri, anarudi na hasira. Bei ya mashua nayo haijaandikwa popote, kwa hiyo anaingia kwenye mapatano asiyoyazoea na kuondoka akihisi ameibiwa, hata kama hakuibiwa. Nyumba za kulala wageni nyingi zilijengwa kwa wafanyabiashara na watumishi wanaopita usiku mmoja, si kwa baba na mama wenye watoto watatu.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalotatuliwa kwa video ya matangazo.

Wenye mamlaka ni wengi

Hapa ndipo fundo linapokaza. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yalikuwa chini ya Idara ya Mambo ya Kale kwa miongo mingi. Miaka ya karibuni usimamizi wa kila siku ulihamishiwa TAWA, mamlaka ya wanyamapori, ambayo ina askari, magari na utaratibu wa kukusanya mapato kuliko idara. Ulinzi ukaimarika na wageni wakahesabiwa vizuri zaidi. Lakini ukuta wa karne ya 14 unahitaji mtu aliyesomea ukuta, na utaalamu huo uko upande wa Mambo ya Kale, wakati bajeti na amri ziko upande mwingine.

Ukisogea hatua chache unaingia eneo la mtu mwingine. Mikoko iko chini ya TFS, wakala wa misitu. Hifadhi ya bahari ya Mtwara iko chini ya kitengo cha Hifadhi za Bahari, kwenye wizara ya mifugo na uvuvi, wizara tofauti kabisa na ya utalii. Halmashauri inatoza ushuru wake na inatakiwa kuzoa taka na kuweka taa. Barabara kuu ni ya TANROADS, za vijijini ni za TARURA. Nyumba kuukuu za Kivinje na Mikindani ni mali za familia, warithi wametawanyika Dar es Salaam, Zanzibar, Muscat. Mmoja akitaka kukarabati, wengine hawapatikani kusaini. Nyumba inaendelea kubomoka wakati kila mtu ana haki nayo.

Mgeni haoni ofisi hizi. Anachoona ni vibali vingi, vibao vichache na choo kilichofungwa.

Mikindani inatoa mfano wa njia nyingine. Boma la Wajerumani, lililojengwa mwaka 1895, lilikuwa likielekea kuwa gofu hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, pale shirika la hisani kutoka Uingereza lilipokubaliana na serikali, likalikarabati na kuligeuza hoteli inayofundisha vijana wa hapo kazi. Mtu anaweza kuwa na mashaka juu ya wageni kupewa jengo la kihistoria, na mashaka hayo ni halali. Lakini jengo linalolaliwa na watu hupakwa chokaa kila mwaka, paa lake likivuja mtu analalamika siku hiyohiyo. Boma la Kivinje lilibaki tupu, na kila aliyepita hapo ameona lilivyoangamia.

Chokaa kabla ya saruji

Kuna hatari ya kuipenda Kilwa hadi kuiharibu, na wanaodai watalii wengi haraka hawaisemi. Mwaka 2004 UNESCO iliyaweka magofu haya kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini. Bahari ilikuwa ikila ukingo karibu na Gereza na Msikiti wa Malindi, mimea ilikuwa ikipasua kuta, na mikoko iliyokuwa ikivunja nguvu ya mawimbi ilikuwa imekatwa boriti. Ilichukua miaka 10 ya kazi, fedha za wafadhili wa nje na jasho la mafundi wa Kilwa hadi yakatolewa kwenye orodha hiyo mwaka 2014.

Kazi yenyewe ina funzo la kiufundi ambalo kila anayetaka kukarabati nyumba ya kale pwani angelijua. Kuta hizi ni za matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, nayo chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya tanuri la kuni. Ukuta wa namna hiyo unapumua: unyevu na chumvi ya bahari vinaingia na kutoka. Ukiuziba kwa saruji, maji yananaswa ndani, chumvi inaganda na kutanuka, na kwa kuwa saruji ni ngumu kuliko jiwe la tumbawe, kinachovunjika ni jiwe. Fundi mwenye nia njema na mifuko miwili ya saruji anaweza kuharibu ndani ya wiki moja ukuta uliosimama miaka 600. Mafundi wa Kilwa waliofunzwa kazi ya chokaa ni rasilimali isiyopatikana kirahisi, na wanatakiwa wawe na kazi ya kudumu na vijana wa kuwarithisha, badala ya kuitwa mfadhili anapokuja na kusahauliwa anapoondoka.

Mgeni wa kwanza ni Mtanzania

Wazo kwamba wokovu wa kusini utatoka kwenye maonyesho ya utalii Berlin au London linanisumbua. Soko liko Mbagala. Dar es Salaam ina mamilioni ya watu, wengi wao asili yao ni Lindi na Mtwara, na kila aliyepita sekondari alijibu swali la Kilwa na swali la Majimaji kwenye mtihani wa historia. Idi, Pasaka, Nane Nane na Desemba wanatafuta pa kwenda. Wanakwenda Bagamoyo, wanakwenda Zanzibar, wanakwenda Morogoro kupata baridi. Hawahitaji visa, hawasomi tahadhari za ubalozi, na wakiridhika wanarudi na ndugu zao. Msongamano wao ndio utakaomfanya mwenye nyumba ya wageni aongeze vyumba vya familia, na mtalii wa nje akija atavikuta tayari.

Kinachohitajika kuwafikisha ni kidogo kuliko tunavyodhani. Ofisi moja Kilwa Masoko, haijalishi ya TAWA, ya halmashauri au ya umoja wa manahodha, inayochapisha kila mwezi siku ambazo Songo Mnara inafikika, bei za mashua zilizokubaliwa na wenye mashua wenyewe, na namba inayopokelewa. Waongozaji wanaotoka Kisiwani wenyewe, wanaoweza kusimulia kisa cha nguo kwa Kiswahili kwa mtoto wa darasa la tano bila kukariri miaka. Nyumba tano au sita za Kisiwani zinazoruhusiwa na kuwezeshwa kumlisha mgeni mchana: samaki wa nazi, wali, maji ya madafu, kwa mama wa nyumba kulipwa mkononi. Na sehemu ya kiingilio ibaki kisiwani ikionekana kwa macho, kwenye kisima au zahanati. Wananchi wa Mtwara walipopinga bomba la gesi mwaka 2013 walikuwa wakisema jambo hilohilo kuhusu mali nyingine, na madhara yalikuwa makubwa kwa sababu hawakusikilizwa mapema.

Kuhusu Tendaguru, mjadala wa kumrudisha dinosaria umefika bungeni zaidi ya mara moja. Naamini madai yana haki: mifupa ilichukuliwa na dola ya kikoloni, kutoka kwa watu ambao hawakuwa na nafasi ya kukataa. Lakini tusiifanye Lindi isubiri mwisho wa mjadala huo. Makumbusho duniani hutengeneza nakala za mifupa kila siku, na Berlin inadaiwa angalau hilo. Mnyama mmoja mzima wa nakala, kwenye jengo Lindi mjini karibu na bandari ambako mizigo ile ilipakiwa, pamoja na maelezo ya kazi ya Boheti bin Amrani na wapagazi, yangempa kila msafiri wa basi la Mtwara sababu ya kushuka. Njia ya kwenda kilimani kwenyewe ingefuata, kwa sababu watu wangeanza kuiulizia.

Kwa anayetaka kwenda sasa, bila kusubiri ofisi yoyote: subiri masika yaishe, kuanzia Juni njia ni nzuri. Basi lolote la Lindi au Mtwara litakushusha Nangurukuru, na hapo magari ya kwenda Masoko hayakosi. Kabla ya kufika utaikuta njia panda ya Kivinje. Ukipita Lindi au Mtwara nunua ming'oko ya kuchemsha kwa wale wanaoiuza stendi, ule kwa chumvi. Ondoka Ijumaa, Kisiwani uende Jumamosi asubuhi. Kabla ya kupanga Songo Mnara muulize nahodha habari za mwezi na maji, na akikwambia iwe Jumapili saa fulani, amka saa hiyo. Lala siku mbili.